Programu Mpya Katika Kompyuta ya Zamani

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Wasomaji wa gazeti letu watakuwa wamekwisha kuona ya kwamba tangu katikati ya muhula huu vitabu vya maktaba haviandikwi tena katika lile daftari kubwa lenye jalada jekundu. Mkutubi huviandika katika kompyuta, na kila mwanafunzi anaporudisha kitabu hupewa namba yake ya kurudishia. Wengi wameniuliza kazi hiyo ilifanywaje, na kwa nini ilituchukua majuma saba ilhali programu yenyewe ilikwisha kuandikwa na tukaletewa bure. Nimeona yafaa niwajibu wote kwa pamoja hapa, kwa maana maelezo ya njiani hukatizwa na kengele.

Kwanza wazazi na waelewe kwamba jambo hili halikuwa mchezo wa vijana wapendao mitambo. Kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne, kabla ya kuondoka shuleni, hana budi kuzunguka na karatasi yake kutafuta sahihi: bwenini, jikoni, stoo ya michezo, maktaba. Penye maktaba ndipo wengi hukwama. Daftari lilikuwa limeandikwa kwa mikono ya watu wengi, wengine kwa penseli, na kurasa zake nyingine zilikwisha kunyeshewa mvua. Mwaka jana wapo waliodaiwa vitabu walivyosema wamekwisha kurudisha, na kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa upande wo wote, wazazi walilipa. Mimi namfahamu mmoja ambaye baba yake alituma fedha za kitabu cha Biolojia, na baadaye kitabu chenyewe kikaonekana kabatini, kimekaa kimya na namba yake mgongoni. Sisi tutakaofanya mtihani wa taifa mwaka huu tulikuwa na sababu ya kutaka mambo yawe mengine.

Kaka yetu mmoja aliyesoma hapa, ambaye sasa yuko chuoni, alituandikia programu ya kutunza vitabu na akaitoa kama zawadi kwa shule. Programu hiyo imeandikwa kwa lugha ya Python, na kumbukumbu zake huwekwa na SQLite. Aliiandika kwa matoleo ya kisasa. Yataka Python 3.10 au zaidi, kwa kuwa ametumia amri ya “match” ambayo haikuwamo kabla ya toleo hilo la mwaka 2021. Na yataka SQLite 3.35 au zaidi, ambayo nayo ilitoka mwaka 2021, kwa kuwa kuna amri ya “RETURNING” inayoandika mstari mpya na papo hapo kumrudishia mwandishi namba ya mstari huo. Namba hiyo ndiyo mnayopewa mnaporudisha kitabu.

Sasa kompyuta. Mashine tuliyoruhusiwa kuitumia ni ile ya Ofisi ya Taaluma, iliyo nyuma ya ukuta wa maktaba. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu, na ndani yake mna Ubuntu 16.04, yaani ile iliyotolewa Aprili 2016. (Ubuntu ni mojawapo ya mifumo iliyojengwa juu ya Linux. Linux ilianzwa mwaka 1991 huko Helsinki, Finland, na Linus Torvalds, naye wakati huo alikuwa mwanafunzi. Na Ubuntu ilianzwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, akaipa jina la Kibantu ambalo sisi hatuhitaji kamusi kulielewa: utu.) Mfumo huo wa 2016 una Python 3.5 na SQLite 3.11. Basi ukiita programu ya kaka yetu katika mashine hiyo, haisogei hata hatua moja.

Jibu la haraka la watu wengi ni kwamba mfumo ungefutwa na kuwekwa mpya. Walakini katika mashine hiyo hiyo mna programu ya matokeo, ambayo shule iliinunua zamani, na ndani yake mna alama za wanafunzi wote tangu mwaka 2016. Programu hiyo huchora madirisha yake kwa kutumia Qt toleo la 4, ambayo haimo tena katika Ubuntu ya mwaka 2020 wala zilizofuata. Ubuntu ya mwaka 2018 bado inayo, lakini kupanda hadi hapo kusingetusaidia, maana humo mna Python 3.6 na SQLite 3.22. Hata ile ya 2020 isingetosha, kwa kuwa ina Python 3.8 na SQLite 3.31. Ni katika ile ya 2022 tu ndipo vyote viwili vinapofikia kiasi tulichotaka. Kwa hiyo hapakuwa na Ubuntu hata moja ambayo ingezipokea programu zote mbili kama zilivyo. Mwalimu wa Taaluma alisema wazi: alama zikipotea, hakuna atakayeuliza habari za vitabu.

Tulimwuliza pia kaka yetu kama angeweza kuiandika upya programu yake kwa namna ya zamani. Alijibu kwamba yawezekana, lakini kila sahihisho atakaloleta baadaye litabidi nalo litafsiriwe kurudi nyuma, na siku akichoka, sisi tutabaki na programu isiyo na mwenyewe. Nadhani alisema kweli.

Hapa yanibidi nieleze jambo ambalo bila ya hilo mengine hayataeleweka. Programu nyingi hazifanyi kila kitu zenyewe. Huegemea mafungu ya kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, nami nitayaita laibrari ili yasichanganywe na maktaba yetu ya vitabu. Programu ikitaka kufungua faili, kuhesabu saa au kuzungumza kwa siri na kompyuta iliyo mbali, huita laibrari inayohusika. Laibrari iliyo chini ya zote katika mifumo kama Ubuntu huitwa glibc. Ubuntu ya 2016 ina glibc 2.23, na ile ya 2022 ina glibc 2.35.

Tabia ya glibc ni kama tabia ya kitabu cha kiada. Sote twajua taabu ya darasa ambamo nusu wana toleo la zamani na nusu wana toleo jipya. Mwenye toleo jipya, ikiwa mchapishaji hakuondoa kitu, aweza kufanya mazoezi yote ya zamani. Lakini mwenye toleo la zamani akiambiwa afanye zoezi lililoongezwa juzi, atapekua kurasa mpaka achoke. Ndani ya glibc kila kazi ina alama ya toleo ambalo iliingia. Watunzaji wake hujitahidi sana wasiondoe zile za zamani, na ndiyo maana programu iliyojengwa zamani huendelea kutumika katika mfumo mpya. Kinyume chake hakikubali.

Hilo tuliliona kwa macho Jumamosi ya kwanza. Mwalimu wetu wa Kompyuta ana kompyuta ya mkononi yenye Ubuntu ya 2022, na kabla hatujaanza kazi yo yote alitaka tuone kwa nini haifai kunakili tu Python iliyo tayari. Aliichukua kwa flashi, akaiweka katika folda ya majaribio kwenye mashine ya zamani, akaiita. Ikajibu kwamba toleo la GLIBC_2.34 halikuonekana. Kisha akaandika programu ya mistari mitatu tu, isiyofanya lo lote ila kusalimu, akaijenga katika kompyuta yake mpya na kuileta. Jibu likawa lile lile! Sababu yake ni kwamba katika toleo la 2.34, lililotoka Agosti 2021, mambo mengi ya glibc yalipangwa upya, na hata ile kazi inayoianzisha kila programu ikapata alama mpya. Kwa hiyo salamu tupu, ikijengwa katika mfumo mpya, yadai glibc mpya.

Lakini programu iliyojengwa ndani ya mfumo wa zamani huchukua alama za mfumo huo huo. Basi njia ilikuwa kuleta maandishi asili ya Python, yaani yale yaliyoandikwa na waandishi wake kabla mashine haijayageuza, na kuyajenga pale pale katika mashine ya Taaluma kwa kompaila yake yenyewe, GCC 5.4. Kompaila hiyo ni ya zamani, lakini inaelewa lugha ya C ya kanuni za mwaka 2011, ambayo ndiyo Python ya siku hizi inayoitaka.

Mwalimu alitukataza jambo moja kwa ukali: tusiiguse Python 3.5 ya mfumo. Vijana wengi wanaposikia kuwa kitu ni cha zamani hutaka kukitoa na kuweka kipya mahali pake. Katika Ubuntu, Python ya mfumo ni mtumishi wa nyumba. Vyombo vya kusakinisha programu nyingine vinaitegemea, na mafungu yao yalijengwa kwa ajili ya toleo hilo hilo na si jingine. Ukiielekeza amri ya “python3” kwenye toleo jipya, siku hiyo hiyo vyombo hivyo huanza kulalamika kwamba havimwoni mwenzao. Basi tukatenga folda yetu, /opt/maktaba, na tukakubaliana kuwa kila tutakachojenga kitakaa humo na hakitatoka.

Kabla ya hayo tulinakili alama zote katika diski mbili za nje. Mwalimu wa Taaluma mwenyewe alizifungua katika kompyuta nyingine na kulinganisha kurasa alizochagua bila ya kutuambia ni zipi. Jambo hilo lilimaliza Jumamosi nzima, nami sioni kuwa lilizidi.

Kazi ya kujenga huanzia chini. Chini ya Python tulihitaji OpenSSL, ambayo ndiyo laibrari ya kuzungumza kwa siri kwenye mtandao. Tangu Python 3.10 haikubaliwi OpenSSL iliyo chini ya 1.1.1, na mashine yetu ilikuwa na 1.0.2. Bila hiyo Python hujengeka, lakini haiwezi kushusha vifurushi kutoka intaneti, na programu ya kaka yetu yaegemea vichache. Tukachagua OpenSSL 3.0. Na hapa pana mtego mdogo ambao nautaja kwa faida ya wengine: katika mashine ya biti 64, OpenSSL 3 huweka laibrari zake katika folda iitwayo “lib64”, ilhali Python huzitafuta katika “lib”. Yafaa kuiambia tangu mwanzo mahali pa kuziweka. Mwalimu alikuwa amelisoma hilo kabla, tukaokoa siku.

SQLite ni rahisi zaidi. Waandishi wake huiunganisha yote katika faili moja ya lugha ya C yenye mistari zaidi ya laki mbili, na kompaila huimeza kwa mkupuo mmoja. Vitu vingine vidogo, kama laibrari ya kubana mafaili, tulivichukua katika ghala la Ubuntu ya 2016 kama vilivyo. Si kila kitu lazima kiwe kipya. Python huridhika na zlib ya zamani, na kila unachokijenga mwenyewe ni mzigo wa kuutunza mwenyewe.

Ndipo tukaijenga Python 3.12. Mwishoni mwa kazi ilitupa habari kwamba sehemu yake ya SQLite imejengwa salama lakini imeondolewa, kwa kuwa ilishindikana kuiita. Jambo hili lilitusumbua Jumamosi mbili, na kwa maoni yangu ndilo somo kubwa katika kazi yote.

Angalia msomaji. OpenSSL ya zamani na mpya zina majina tofauti ya faili, kwa hiyo hazigombani. Lakini SQLite ya zamani na SQLite mpya zote huitwa libsqlite3.so.0. Jina ni moja, jalada ni moja, kama vile vitabu vyetu vya matoleo mawili. Wakati wa kujenga, Python ilisoma orodha ya kazi za SQLite mpya iliyo katika folda yetu, ikaona kuna kazi za kisasa, ikazitegemea. Wakati wa kuitwa, mfumo ulikwenda kutafuta faili ya jina hilo mahali ulipozoea, ukaikuta ile ya 3.11 na kuileta. Kazi zilizoahidiwa hazikuwamo. Tulitumia amri ya “ldd”, ambayo huonyesha kila programu inachukua laibrari zake wapi, na huko tukaona kwa herufi wazi: njia iliyoandikwa ilikuwa ya laibrari ya mfumo, si ya /opt/maktaba.

Yako marekebisho mawili. La kwanza ni kuweka tangazo katika mfumo, LD_LIBRARY_PATH, kwamba kila programu itafute kwanza katika folda yetu. Wengi hufanya hivyo kwa kuwa ni mstari mmoja. Lakini tangazo hilo, likiwekwa kwa ajili ya wote, husikika na wote: programu ya matokeo nayo ingeanza kupewa laibrari ambazo haikujengwa nazo. Pengine isingedhurika, pengine ingedhurika siku ya kutoa ripoti za wazazi. La pili ni kuiandikia Python yenyewe, ndani ya mwili wake, njia ya kutafutia laibrari zake. Huandikwa wakati wa kujenga, na wataalamu huiita rpath. Programu nyingine hazisomi maandishi hayo. Tulichagua la pili, tukasafisha yote na kuijenga Python upya. Mara hii SQLite ilibaki, na tulipoiuliza toleo lake ilitaja lile jipya. Mwalimu wa Taaluma akafungua programu yake, akachapa ripoti ya mwanafunzi mmoja wa mwaka 2017, akaiangalia mbele na nyuma, akatwambia tuendelee.

Watauliza wengine kwa nini hatukutumia zile njia za kuufunga mfumo mzima mpya ndani ya wa zamani kama sanduku ndani ya sanduku. Ni njia njema penye kumbukumbu nyingi na intaneti ya kutosha. Sisi tulikuwa na gigabaiti 2 na simu ya mwalimu.

Tena tulikuwa na umeme wa mashaka. Jumamosi mbili haukuwapo kabisa, na mara moja ulikatika katikati ya ujenzi. Chombo kiitwacho “make” kina akili ya kulinganisha saa za mafaili, hivyo ukikianzisha tena hakirudii yaliyokwisha kujengwa. Walakini umeme ukikatika ghafula, faili la mwisho laweza kubaki tupu na bado likahesabiwa kuwa limekamilika. Mwenzetu mmoja, mtulivu kuliko sisi sote, alipita katika folda akatafuta mafaili yenye ukubwa wa sifuri na kuyafuta kabla hatujaendelea. Alipata mawili.

Majuma saba basi yalikwenda hivyo: tulikuwa na Jumamosi alasiri tu, kwa kuwa siku nyingine ofisi ina kazi zake, na kati ya hizo saba mbili zilikwenda na umeme. Muda wa mashine yenyewe kujenga, ukiujumlisha wote, haufiki nusu siku.

Kabla sijamaliza yanipasa niwaeleze wazazi jambo moja ambalo halijakwisha. Matengenezo ya bure ya kawaida ya Ubuntu ya 2016 yalikoma Aprili 2021. Kwa sababu hiyo mashine ile haikai kwenye intaneti. Huunganishwa na simu ya mwalimu kwa saa chache panapokuwa na haja, kisha hutolewa, na waya pekee unaobaki ni ule unaopita ukutani kwenda kwa Mkutubi. Zaidi ya hayo, vile tulivyovijenga kwa mikono yetu havipati marekebisho yenyewe. Waandishi wa OpenSSL wakitangaza kasoro, lazima mtu hapa shuleni ashushe toleo lililosahihishwa na kulijenga tena, na matengenezo ya OpenSSL 3.0 yenyewe yaliahidiwa hadi Septemba 2026 tu. Sisi Kidato cha Nne tutakuwa tumekwisha kuondoka mwaka utakapokwisha.

Kwa hiyo kila amri tuliyoitumia, na kila jibu ambalo mashine ilitoa, vimeandikwa katika daftari kwa mpangilio wa tarehe. Wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu wamekwisha kupewa kompyuta nyingine yenye mfumo ule ule, wakajenga OpenSSL, SQLite na Python kwa kusoma daftari hilo tu, sisi tukiwa tumeketi nje ya mlango. Walitoka mara moja kuuliza neno moja lililoandikwa vibaya kwa mwandiko, nalo limekwisha kuandikwa upya. Daftari limo katika droo ya pili ya meza ya chumba cha kompyuta, na ufunguo unatunzwa na Mwalimu wa Kompyuta.